Chumba cha ghorofani Majengo: nyota nne, na ya tano nitaieleza

Mimi ni muuguzi, mwanamume, wa Likoni, na kabla sijasema lolote nikiri kwamba nilikuwa katika wale wanaolicheka neno "ushauri nasaha". Kwetu mtu akibanwa na dhiki huenda kwa mamake, akimkosa huenda kwa imamu, akimkosa naye huketi barazani mpaka ipite. Kupanda ngazi ukamweleze mtu baki mambo ya ndani mwako, hilo tuliliona la watu wa kwenye televisheni. Kwa hivyo tathmini hii imeandikwa na mtu aliyeburutwa. Aliyeniburuta ni fundi wa maabara wa shifti yetu, Februari 2021. Aliniambia, "Kaka, twende mara moja tu, usipopendezwa nitakununulia viazi karai." Viazi hivyo sijavila mpaka leo.

Chumba hiki cha ushauri nasaha kwa wahudumu wa afya kiko Majengo, Mombasa, juu ya duka la vipuri. Ukifika utamwona fundi wa kuchomelea mageti amejaza cheche njia nzima. Mpite, ngazi ziko nyuma yake. Hakuna kibao. Sitaji jina la wenyewe kwa kuwa wao hawajajitaja hata mlangoni, na kule kukosa kibao ndiko kulikonipandisha. Mombasa hii ndogo. Ukionekana unaingia mlango ulioandikwa "afya ya akili" saa tatu asubuhi, adhuhuri mama mkwe ana habari, na jioni meneja wako anakuuliza kwa upole kama bado wafaa kushika funguo za kabati la dawa.

Nieleze kwanza nilikuwa nimebeba nini, maana huduma ya namna hii haipimwi kwa viti na feni peke yake.

Kisa cha kwanza cha Covid nchini Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Tarehe 27 kafyu ikaanza, saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri, na siku hiyo ya kwanza waliokuwa wakingoja kuvuka kwenda Likoni walipigwa virungu na gesi ya machozi pale kwenye feri. Mimi nilikuwa natoka upande wa pili naingia kazini. Nilimkuta mama mmoja ameketi chini, apangusa macho kwa leso, kiatu kimoja mkononi. Nikampa chupa yangu ya maji nikaendelea na safari. Tarehe 8 Aprili kaunti ikafungwa, hakuna kutoka wala kuingia. Tarehe 6 Mei wakafungiwa wa Mji wa Kale peke yao. Yote hayo niliyapita vivyo hivyo, nampa mtu maji nikaendelea na safari.

Wodini tulivaa ile suti nyeupe, ambayo kwa joto la Mombasa ni kama kujipika mwenyewe kwenye sufuria iliyofunikwa. Uso hauonekani, kwa hiyo tulijiandika vifuani kwa kalamu ya wino mzito. Mimi niliandika MUUGUZI, chini yake LIKONI, kwa utani tu. Wagonjwa wakaniita Likoni. Kulikuwa na mzee mmoja wa Mji wa Kale, pumzi fupi lakini maneno mengi, akaniambia usiku wa tatu, "We Likoni, hapa kahawa hamna?" Kanuni ilikuwa chakula cha nje hakiingii. Nikamwambia, "Kesho, mzee wangu." Na kweli kesho yake nilipita kwa muuza kahawa, nikatiliwa kahawa tungu kwenye chupa ndogo ya chai, nikaificha ndani ya mfuko wa nguo. Nilipoingia godoro lake lilikuwa limesimamishwa ukutani, lakaushwa dawa.

Nilirudi nyumbani asubuhi na chupa yangu imejaa. Tangu siku hiyo kahawa sikuigusa, na mtu wa pwani asiyekunywa kahawa huulizwa, basi nikawa nasema ni vidonda vya tumbo.

Nyumbani mke wangu aliweka ndoo ya maji yenye Jik mlangoni. Navua nguo uani, naoga uani, nalala chumba cha peke yangu. Binti yetu alikuwa na miaka minne, akaambiwa asimguse baba. Watoto hutii kuliko tunavyotaka. Kufikia Agosti nilikuwa nikiingia uani yeye hukimbilia ndani, na si mchezo, akikimbia kama aliyemwona mbwa.

Sasa nisije nikaambiwa kazini hatukufikiriwa. Tulifikiriwa. Hospitali niliyokuwa (sitaitaja) ilituita kwenye semina ya ustawi katika hoteli ya ufuoni. Tulipewa fulana zenye kauli mbiu ya Kiingereza, tukapigwa picha mbele ya bango, tukala samaki wa kupaka mzuri sana, hilo siwezi kuwadhulumu. Mkufunzi akatuambia tuvute pumzi. Mwenzetu mmoja akauliza posho ya hatari italipwa lini. Akajibiwa kwamba jambo hilo halimo kwenye ratiba ya leo. Tukavuta pumzi. Desemba 2020 alifariki Dakta Stephen Mogusu, kijana wa miaka 28, aliyeugua Covid akiwa kazini huku mshahara wake wa miezi haujalipwa, na wauguzi wakawa mgomoni nchi nzima. Nakumbuka nilikuwa nimeivaa ile fulana nikipaka rangi ukuta wa jikoni.

Basi ndiyo hali niliyopanda nayo zile ngazi.

Swali langu la kwanza lilikuwa nani anawalipa, na ripoti inakwenda wapi. Naliandika hapa kwa sababu najua wenzangu wengi ndilo linalowazuia. Nilijibiwa bila kuzungushwa: pesa ni za wafadhili, na kinachopelekwa kwao ni idadi ya vichwa, basi. Daftari la pale halina majina, lina namba. Mimi ni 31. Wakati wa kuitwa huitwi hata kwa namba, mtu huja akakugusa bega.

Anayeongoza ni mkunga mstaafu, mama wa makamo ya juu, kikundi kizima twamwita Shangazi. Nilitarajia kuulizwa najisikiaje. Aliniuliza, "Mwanangu, jana umelala saa ngapi, na umekula nini?" Nilipojibu kwamba nimelala kwa muda wa saa mbili na nimekula mkate mkavu, akasimama, akaniletea mahamri mawili na mbaazi ndani ya sahani ya bati, akasema tutaongea nikimaliza. Tulikaa kimya dakika kumi hivi, fundi geti apiga nyundo huko chini. Katika mwaka mzima ule, hizo ndizo dakika kumi za kwanza ambazo hakuna aliyenitaka kitu.

Halafu ndiyo ikaja karatasi. Ni ile PHQ-9 ya kupima sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, maswali tisa ya wiki mbili zilizopita, kila moja wajipa kuanzia 0 hadi 3, jumla ya juu kabisa 27. Karatasi hiyo nimewajazia wagonjwa mara nyingi bila kuwatazama usoni. Kukaa upande wa pili wa kalamu ni jambo lingine. Nilipata 16, kuanzia 15 hadi 19 huhesabiwa sonona ya kiwango cha juu kiasi. Na hapo nilikuwa nimedanganya. Swali la tisa, lile la kuwaza kwamba afadhali usingekuwapo, niliandika 0. Shangazi aliipokea, akaitazama, hakusema kitu. Wiki ya pili, tukiwa tunashuka ngazi, ndipo nilipomwambia kwamba kuna asubuhi kwenye feri huwa nayatazama maji kuliko inavyofaa. Hakushtuka, hakunihubiria. Alirudi na mimi juu, akafunga mlango, akaniuliza maswali ya wazi kabisa, moja baada ya moja, kama mkunga anavyouliza uchungu umeanza saa ngapi. Akaandika majina mawili ya watu nitakaowapigia saa yoyote, akanitaka niwapigie pale pale, mbele yake, niwaambie wamo kwenye orodha. Kaka yangu mkubwa hakuelewa, akadhani naomba kukopeshwa. Lakini alipokea.

Utaratibu wao ni mikutano mitano ya mtu mmoja mmoja, kila mmoja saa moja na nusu, kisha unaingia kikundini. Ni mpango uliotungwa na Shirika la Afya Duniani kwa namna ambayo anayeutoa si lazima awe na digrii ya saikolojia, alimradi amefunzwa na kuna anayemsimamia. Nilipoelezwa hivyo nilidharau kidogo, nakiri. Sisi watu wa hospitali tunapenda vyeti. Ila ukifikiri, nchi hii wataalamu wa magonjwa ya akili ni wachache mno. Tukingoja kila mtu apate wake, tutangoja sana.

Mkutano wa kwanza ni wa kuutuliza mwili. Wao waita "kutia nanga": miguu sakafuni, uisikie, utaje vitu unavyoviona, usikie pumzi inavyotoka polepole. Mawazo hayafukuzwi, yaachwe yapige kelele, wewe uko hapa. Mimi naifanyia kwenye feri. (Ndiyo, najua feri yetu haitii nanga, huegemea tu gatini ikaangusha ulimi wake, lakini hoja imeeleweka.) Nyaya za mbele, shati la manjano la yule pale, harufu ya dizeli, mkokoteni wa machungwa. Ni zile zile pumzi za semina, sikatai. Tofauti ni kwamba hapa nilipouliza habari ya posho nilijibiwa.

Jibu lenyewe lilikuwa hivi. Shangazi alichora mstari katikati ya karatasi. Upande mmoja yanayotatulika, upande mwingine yasiyotatulika na sisi wawili ndani ya chumba hiki. Nikamwambia mshahara, posho, glavu. Akaviandika vyote upande wa pili, kwa herufi kubwa, akasema, "Haya ni ya chama chenu na ya serikali, nami sitakudanganya kwamba ukivuta pumzi yatalipwa. Ukichoka kwa sababu hujalipwa, huo si ugonjwa wa akili." Wallahi nilitaka kumkumbatia. Shirika la Afya Duniani lenyewe, katika orodha yake mpya ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, uchovu huu wa kazi haliuhesabu kuwa ugonjwa. Laueleza kama jambo linalotokana na mkazo wa kazini usiodhibitiwa. Neno "kazini" limo. Laiti wenye mabango wangelisoma.

Upande wa yanayotatulika nilibaki na mawili: usingizi na binti yangu.

Usingizi tuliupangia kama dawa. Leso mbili juu ya pazia, simu kwenye chumba kingine, kijana wa cherehani jirani aombwe kwa heshima ahamishie redio yake dirisha la pili. Nikafika saa tano za usingizi wa mchana, na kwa mtu wa shifti ya usiku hizo ni utajiri.

La binti lilikuwa na hatua ndogo kabisa, nikaona ni upuuzi. Nikishaoga, niketi mwisho mmoja wa mkeka, yeye mwisho wa pili na mamake, tuviringishiane chungwa. Basi. Nisimwite, nisinyooshe mikono. Siku ya kwanza aliliacha likagonga ukuta. Siku ya nne akalirudisha kwa mguu. Siku ya tisa alilishika, akasimama, akaja nalo mwenyewe mpaka mapajani pangu, akaniambia nimenye. Tarehe 3 Machi chanjo za kwanza zilikuwa zimetua nchini, nami nikachanjwa mwezi huo huo, kwa hiyo hata hofu yangu ilikuwa imeshuka. Lakini chanjo haikumleta mtoto kwenye mkeka.

Kikundi hukutana Jumamosi saa tatu na nusu asubuhi, na saa hiyo imechaguliwa na mtu anayejua kazi yetu: wa usiku wametoka, wa mchana walio likizoni wameamka. Huwa watu wanane hadi kumi na wawili. Kuna matabibu, wauguzi, dereva wa ambulensi. Kusinzia kunaruhusiwa. Mmoja wetu alilala wiki tatu mfululizo kitini, mdomo wazi, hakuna aliyemgusa, wiki ya nne akaanza kusema na hakunyamaza tena. Kinachokatazwa ni kumpa mwenzako mawaidha kabla hajamaliza. Shangazi ni mswalihina, hakatazi dini, ila humkatiza anayeitumia kumfunga mwenzake mdomo: "Subira twaijua sote, mwache amalize." Nilipoeleza habari ya mzee na chupa ya kahawa, nilidhani watasema ni jambo dogo. Dereva wa ambulensi akasema yeye hupita njia ndefu kuikwepa barabara moja ya Tudor, na hakueleza kwa nini. Hatukumuuliza.

Sasa hiyo nyota niliyoinyima.

Tangazo lao lilisema "wahudumu wa afya". Orodha za kualika zikatolewa kwa madaktari, matabibu na wauguzi. Kina mama wa usafi waliokuwa wakiingia wodi ile ile, wakiokota yale yale tuliyotupa, wakiwa na glavu za jikoni, hawakuitwa. Wala vijana wa mochari, ambao waliyaona wasiyoyaona wengi wetu. Mmoja wa hao mama alinifuata Jumamosi moja mpaka chini ya ngazi, akasimama hapo karibu na fundi geti, akakataa kupanda mpaka nihakikishe kama na yeye ni "wa afya". Niliuliza juu. Ilichukua miezi miwili, mikutano na barua kwa wafadhili, ndipo wakaruhusiwa. Miezi miwili kwa neno moja. Siku hizi yeye ndiye anayefungua chumba, lakini sijalisahau.

Huduma yao ya simu, kwa hayo mambo mengine, sikuipenda. Niliijaribu mara mbili. Ilikuwa ya saa za ofisi, sasa mtu wa usiku aamkaye alasiri atapiga lini? Na aliyepokea alikuwa akisoma karatasi, waisikia inapinduliwa. Nimesikia wameirekebisha. Ukitaka kuongea kwa simu, Msalaba Mwekundu wana 1199, haina malipo, na hiyo ndiyo iliyoandikwa nyuma ya kitambulisho changu cha kazi.

Feni ni moja nayo yapiga ukutani. Kelele za nyundo hukoma Ijumaa peke yake, siku ambayo hakuna mkutano. Choo kiko chini, funguo ziko kwa mwenye duka la vipuri, naye hupenda kuuliza unatoka wapi. Mwambie umekuja kuona chumba cha kupanga, sote ndivyo tumwambiavyo, sijui adhani chumba hicho kina nini.

Mei 2023 ilipotangazwa kwamba Covid si dharura tena duniani nilidhani watafunga. Hawakufunga. Watu walipungua, kisha wakaja wengine ambao wakati wenyewe walikuwa imara kabisa, wakaanguka baadaye, mambo yalipotulia. Karatasi yangu ya mwisho ilisoma 6, na swali la tisa safari hiyo sikudanganya.

Kwa anayetaka kwenda: shuka kituo cha Majengo, uliza fundi mageti. Jumamosi, fika kabla ya saa tatu na nusu kwa kuwa mahamri huisha. Hulipi, kuna kisanduku mlangoni, utie ulicho nacho. Kahawa iko kwenye dele pale dirishani, tungu ya kweli, na kashata za njugu. Nilipitiwa na hiyo sinia miezi saba nikisema tumbo. Sasa hunywa kikombe kimoja, kile cha mstari wa buluu, na wote wajua ni changu. Ni bure, ila kikombe utaosha mwenyewe.